Kununua MGB: gari la kwanza la spoti la zamani kwa mfuko mdogo

Anayeishi Uingereza na kutamani gari lake la kwanza la spoti la zamani, huku mfuko wake ukiwa si mnene, hana haja ya kuzunguka sana: aanze kwa kutazama MGB, gari la kampuni ya MG. Gari hili liliundwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na magari zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani humo. Wingi huo ndio unaomfaa mwenye fedha kidogo, kwa sababu karibu kila kipuri bado kinapatikana kwa bei ya wastani, na hata bodi nzima mpya inauzwa na kampuni ya British Motor Heritage, ambayo ilianza kuitengeneza mwaka 1988 kwa mitambo ileile ya zamani ya kukunjia mabati.

Najua kwamba msomaji aliyekulia Afrika Mashariki huenda moyo wake uko kwa Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Ni gari zuri kuliko MGB, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Lakini bei yake imepanda mno kwa mtu anayehesabu pauni zake, na vipuri vyake vya bodi ni adimu. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, nayo ni rahisi kuipata na huendeshwa kama gari la kisasa. Ila kutu yake hujificha ndani zaidi, na haina ile misamaha ya kisheria ambayo nitaieleza baadaye.

Ukishaamua kununua MGB, swali linalofuata ni MGB ipi. Yako ya aina mbili kuu: la wazi lenye turubai, na GT, lenye paa la chuma na mlango wa nyuma, lililoanza kuuzwa mwaka 1965. Watu wengi hukimbilia la wazi, na kwa hiyo GT huuzwa kwa bei ya chini ingawa injini, giaboksi na breki zake ni zilezile. Vilevile, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1974 kiwanda kiliondoa bampa za kromu na kuweka bampa kubwa nyeusi za mpira, tena kikaliinua gari juu zaidi, ili kutimiza sheria za Marekani, ambako ndiko magari mengi ya MGB yalikokuwa yakiuzwa. Wapenzi wa MG hawakuzipenda bampa hizo na hadi leo hawazipendi, jambo ambalo ni bahati kwa mnunuzi wetu: GT yenye bampa za mpira kwa miaka mingi imekuwa MGB ya bei nafuu kuliko zote. Kwa maoni yangu, GT ya mpira iliyo nzima ni bora mara nyingi kuliko gari la wazi la kromu lililooza, hata kama hilo la pili ndilo linalopendeza katika picha.

Kuhusu fedha, usizitumie zote siku ya kununua. Ukiwa na pauni 6,000, tafuta gari la pauni 4,500 na uweke zilizobaki, kwa sababu gari la umri huu litakudai matairi, mipira ya breki, betri na mambo mengine madogo katika miezi ya mwanzo, hata kama muuzaji ni mtu mkweli. Wakati wa kununua nao una maana. Wauzaji wengi hutaka kuondokana na magari yao kabla ya baridi kuingia, hasa wasio na gereji, ilhali kuanzia Machi jua likichomoza kila mtu hutaka gari la wazi na bei hupanda.

Sasa tuje kwenye bodi, ambayo ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya muda wako. MGB halina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, ekseli na abiria. Nguvu ya bodi hiyo, hasa katika gari la wazi ambalo halina paa la kusaidia, imo katika vizingiti, yaani yale maboksi marefu ya chuma yanayopita chini ya milango kutoka upande wa gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kila kizingiti kimeundwa kwa mabati kadhaa yaliyounganishwa, la ndani, la katikati na la nje, na kazi ya kuyabadilisha yote kama inavyopasa ni ndefu na ya gharama. Kwa hiyo wapo mafundi ambao hubandika bati jipya la nje juu ya lile lililooza, wakapaka rangi, na mnunuzi akaona kizingiti kinang'aa huku ndani hakuna kitu.

Dawa ya udanganyifu huo ni kutazama mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya unapaswa kuwa na upana ule ule kutoka chini hadi juu. Ukibana juu na kuachia chini, gari limeanza kulegea katikati. Kisha mwombe muuzaji aliinue gari kwa jeki upande mmoja, nawe ufungue na kufunga mlango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, usiendelee na mazungumzo ya bei. Chukua pia sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe sehemu ya chini ya mabawa, nyuma ya magurudumu ya mbele na mbele ya magurudumu ya nyuma. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si chuma. Juu ya mabawa ya mbele, nyuma kidogo ya taa, tope hukusanyika kwa ndani na kuozesha bati kutoka chini, hivyo vipele vidogo vya rangi mahali hapo visikudanganye kwamba ni jambo la juu juu.

Inua zulia uone sakafu. Inua pia kifuniko kilicho nyuma ya viti, mahali ambapo betri hukaa: magari ya kromu yalikuwa na betri mbili za volti 6, na yale ya mpira yana moja ya volti 12, na katika yote asidi na maji ya mvua hula bati la chini. Ukiwa hapo nyuma, lala chini na tochi utazame mahali ambapo springi za nyuma zimeshikwa kwenye bodi, ila usijiingize kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na usikubali kulitazama gari lililolowa kwa mvua, wala lililooshwa dakika chache kabla hujafika, kwa sababu maji huipa rangi mbovu sura ya rangi nzuri.

Injini haihitaji maneno mengi. Ni ya chuma cha kalibu, ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, yenye muundo wa kizamani ambao fundi yeyote mzoefu anauelewa, na hata ikibidi kuifungua yote bado gharama yake ni ndogo kuliko ya bodi iliyooza. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ushike boneti kwa mkono kuhakikisha kwamba ni ya baridi. Injini ikiwa imepata moto na gari likiwa katika mwendo, kipimo cha presha ya oili kinapaswa kusoma karibu na 50 au zaidi. Kikikaa chini sana ya hapo, beringi zimechoka na bei ishuke. Uliza pia kama kichwa cha silinda kimewekwa viti vya vali vya chuma kigumu, kwa kuwa petroli yenye risasi, ambayo injini hii iliundiwa na ambayo ililinda viti hivyo, iliondolewa katika vituo vya Uingereza mwishoni mwa mwaka 1999.

Katika giaboksi, jambo la kutafuta ni ovadraivu, yaani kifaa kinachopunguza mizunguko ya injini ukiwa katika gia ya juu, ambacho kwenye barabara kuu hubadilisha kabisa tabia ya gari hili. Kijaribu ukiwa katika gia ya nne kwa mwendo wa maili 50 kwa saa: ukibonyeza swichi, mizunguko ishuke mara moja. Mlio wa "tong" kutoka ekseli ya nyuma unapoachia klachi ni wa kawaida na usikuogopeshe sana. Kinachostahili hofu zaidi ni kingpini za mbele, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, ambazo huhitaji grisi kila baada ya maili 3,000, na wamiliki wengi husahau. Gurudumu likiwa limeinuliwa, lishike juu na chini ulitikise huku mwenzako amekanyaga breki. Likiendelea kucheza, si beringi ya gurudumu, ni kingpini.

Upande wa karatasi una mtego ambao wanunuzi wapya hawauoni. Tangu Mei 2018, magari yaliyozidi miaka 40 na ambayo hayakubadilishwa sana hayalazimiki kufanyiwa MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa kila mwaka. Magari ya umri huo pia hayatozwi kodi ya barabara, na katika London hayatozwi ada ya ULEZ, yaani ile ya magari yanayochafua hewa. MGB zote zimeshavuka umri huo. Msamaha huo unakupunguzia gharama, lakini maana yake pia ni kwamba gari unalolitazama huenda halijapita mbele ya mkaguzi kwa miaka mingi. Ingiza namba ya gari katika tovuti ya serikali usome historia ya ukaguzi wake bila malipo, ukizingatia maneno ya wakaguzi kuhusu kutu na kama idadi ya maili inapanda kwa mtiririko unaoaminika. Ikiwa ukaguzi wa mwisho ni wa zamani, mwombe muuzaji alipeleke MOT kwa gharama yako. Ada yake haizidi pauni 54.85, na jibu la muuzaji peke yake litakueleza mengi.

Kadi ya usajili, V5C, huonyesha anayelitunza gari kisheria, si lazima mwenye mali, kwa hiyo dai pia risiti ya ununuzi na uhakikishe kuwa gari halina deni. Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi: katika magari mengi ya miaka ya 1970 huanza kwa GHN5 kwa gari la wazi na GHD5 kwa GT.

Ikiwa nia yako ni kulipeleka gari nyumbani Afrika Mashariki, fikiri kabla ya kulipa. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote.

Mkishakubaliana, bima na kodi ya barabara havihami pamoja na gari. Kata bima ya magari ya zamani yenye thamani mliyokubaliana mapema na kampuni, kisha andikisha kodi, ingawa ni sifuri, kabla ya kuondoka. Mafuta yawe ya daraja la juu yenye alama E5, kwa kuwa E10, yenye ethanoli nyingi zaidi na iliyoanza kutumika kama petroli ya kawaida mwaka 2021, hulainisha mipira ya zamani ya mafuta. Katika wiki ya kwanza badilisha oili, maji ya breki na mipira yake, kisha soma tarakimu nne za mwisho zilizogandishwa ubavuni mwa kila tairi: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi la umri huo litolewe hata kama kashata zake bado ni ndefu.