Kufundisha wimbo wa Kibulgaria kwa kikundi cha akina mama, bila kinanda

Nimetoka kukisaidia kikundi cha akina mama hapa Moshi, wengi wao wanakwaya wa kanisani, waliotaka kuongeza nyimbo za asili za nchi nyingine kwenye zile za Kichaga na Kigogo wanazoimba. Tulichagua wimbo wa mavuno wa Bulgaria, kwa mtindo wa eneo la Sofia. Huko ndiko kwa akina bibi wa Bistritsa, kikundi cha wanawake waimbaji wa kijiji cha karibu na Sofia, ambao uimbaji wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Hatua ya 1: Chagueni wimbo mfupi wa sauti mbili. Sikilizeni rekodi za wanawake wa vijijini kwanza. Zile za kwaya kubwa za jukwaani zimepangwa na watunzi, zina sauti nyingi, zitawachanganya.

Hatua ya 2: Andika maneno kwa herufi zetu, kama yanavyosikika, na maana chini ya kila mstari.

Hatua ya 3: Mmoja au wawili waongoze, wengine wote washike sauti moja ya chini. Uongozi mpe mwenye sauti ya kifua, ile ya kumwita jirani aliye ng'ambo ya migomba.

Hatua ya 4: Kugonganisha do na re, noti mbili zinazofuatana. Hapa ndipo mazoezi yetu yalipokwama. Katika nyimbo hizi kiongozi hukaa kwenye re huku wenzake wameshika do, tena kwa makusudi. Sikio la mwanakwaya halikubali. Linakimbilia mi, au linarudi do.

Simameni duara dogo, bega kwa bega. Wote waimbe do kwa irabu "e", sauti imenyooka, bila kutetemesha. Kiongozi apande re taratibu, abaki hapo. Zikikaa vizuri mtasikia mvumo unaopigapiga katikati ya sauti mbili. Huo ndio mnaoutafuta. Ukipotea, usimlaumu kiongozi haraka: mara nyingi ni mtu wa do aliyepanda bila kujua. Rudini do wote, muanze upya. Msipaze sauti kutafuta usahihi, haupatikani hivyo.

Mama mmoja wa alto aliziba sikio kwa kiganja ili asimsikie kiongozi. Nilimwomba autoe mkono, maana kazi yenyewe ni kumsikia bila kumfuata.

Pumzi zivutwe kwa zamu, majirani wawili wasivute pamoja. Shingo zisikazwe, koo likianza kuwasha, pumzikeni kwa wimbo mnaoujua. Na kinanda kifungwe kabisa. Waimbaji wakishakiegemea, kikizimwa wanaanguka. Isitoshe, re ya vijijini si lazima ilingane na ya kinanda.

Hatua ya 5: Mkihamia nyimbo za kucheza mtakutana na mapigo saba. Msihesabu hadi saba. Pigeni makofi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, huku mkitembea.

Hatua ya 6: Rekodi kiongozi peke yake kwa simu, uitume rekodi hiyo kwenye grupu la WhatsApp. Wenye do wafanye mazoezi nyumbani dhidi ya sauti yake, wakati wa kupika au kufua. Rekodi ya kikundi kizima haisaidii hatua hii, kwa sababu mtu hujificha ndani ya wenzake. Siku ya onyesho, do itoke mdomoni mwa kiongozi, kwa kuguna tu, kisha wote waingie.