Kutengeneza Jeli ya Dawa Inayoelea Tumboni

Zipo dawa ambazo hufyonzwa vizuri katika sehemu ya mwanzo tu ya utumbo mwembamba. Zikishapita hapo, kiasi kilichosalia hutoka na kinyesi bila kumfaa mgonjwa. Dawa za namna hiyo zinahitaji kukaa tumboni muda mrefu na kuachiwa kidogo kidogo, jambo ambalo tumbo lenyewe halilipendi, kwa kuwa likiwa tupu hupitiwa na wimbi kubwa la mikazo kila baada ya dakika 90 hadi 120, nalo hufagia karibu kila linachokikuta. Njia mojawapo ya kulikabili tatizo hilo ni dawa ya maji ambayo, ikishamezwa, huganda na kuwa jeli inayoelea juu ya majimaji ya tumbo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa famasia au mtaalamu wa maabara anayeitengeneza kwa mara ya kwanza. Kinachotengenezwa hapa ni cha kupimwa kwenye bika (gilasi ya maabara), si cha kunywesha watu. Dawa ya binadamu ina taratibu zake, na Tanzania zinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu.

Kabla ya kushika mizani, elewa kwanza kazi ya kalsiamu, maana karibu kila kosa katika kazi hii linatokana nayo. Algineti, ndiyo inayoganda kuwa jeli, ni minyororo mirefu ya sukari itokayo kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa aina nyingine, nao hutoa karagini, unaweza kutengeneza jeli yake pia, lakini kwa vipimo tofauti na hivi.) Sodiamu algineti huyeyuka katika maji na kubaki kioevu kizito. Ikikutana na ioni za kalsiamu, minyororo hiyo hufungwa pamoja na kuwa jeli. Kwa hiyo tunaitia kalsiamu kwenye chupa ikiwa imefungiwa ndani ya kalsiamu kaboneti, unga usioyeyuka katika maji ila huyeyuka katika asidi. Asidi ya tumbo inapouyeyusha, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kalsiamu huachiwa na kuigandisha algineti, na hewa ya kaboni dioksidi hutoka na kunaswa ndani ya jeli, ikaifanya ielee kama chelezo. Gaviscon, dawa ya maji ya kiungulia inayojulikana sana madukani, hutumia kanuni hiyo hiyo: mililita 10 zake zina miligramu 500 za sodiamu algineti, 267 za sodiamu baikaboneti na 160 za kalsiamu kaboneti.

Kwa jaribio la kwanza, ningemshauri kila mtu atumie riboflavini, yaani vitamini B2. Hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, haisumbuliwi sana na asidi, bei yake ni nafuu, na zaidi ya yote ni ya manjano: utaiona kwa macho ikivuja kutoka kwenye jeli kabla hata ya kuwasha spektrofotomita, mashine inayopima kiasi cha dawa kwa mwanga. Udhaifu wake mkubwa ni mwanga, ambao huiharibu upesi, kwa hiyo vyombo vyote vifunikwe kwa karatasi ya alumini tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa mililita 100, pima gramu 1.5 za sodiamu algineti, gramu 0.25 za sodiamu sitreti, gramu 1 ya kalsiamu kaboneti iliyosagwa laini sana, miligramu 100 za riboflavini, na kihifadhi, kwa mfano gramu 0.18 za methiliparabeni pamoja na 0.02 za propiliparabeni. Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya kisima, hasa ya pwani yanayopita kwenye mawe ya chokaa, yana kalsiamu yake mwenyewe na yataanza kugandisha algineti ndani ya chupa. Sitreti imewekwa kwa sababu iyo hiyo: huzishika ioni chache za kalsiamu zinazoponyoka mapema, ili mchanganyiko ubaki wa kumiminika hadi ufike tumboni.

Pasha moto mililita 80 hivi za maji, yeyusha parabeni na sitreti, kisha shusha joto hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi. Koroga kwa kasi mpaka maji yafanye kizingia, halafu nyunyiza algineti taratibu pembeni mwa kizingia hicho. Ukiimwaga yote kwa pupa itafanya mabonge kama unga wa uji: nje yameloa, ndani makavu, na mabonge hayo hayayeyuki hata ukikoroga saa nzima. Mchanganyiko ukiwa mng'avu, uache upoe hadi chini ya nyuzi 40. Katika kinu, saga riboflavini pamoja na kaboneti kwa kiasi kidogo cha mchanganyiko uliopoa hadi upate uji laini, urudishe kwenye bika, koroga, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Kaboneti itatuama chini baada ya muda, nalo si kosa, mradi itawanyike tena chupa inapotikiswa.

Kipimo cha kwanza ni cha kuelea. Weka asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1 yenye joto la nyuzi 37 kwenye bika, kisha mimina mililita 10 za dawa polepole. Kiasi hicho kina miligramu 100 za kaboneti, ambazo zikiyeyuka zote hutoa takriban mililita 25 za hewa. Si yote inayonaswa, lakini inatosha kuipandisha jeli. Andika muda unaopita kabla ya jeli kupanda, na muda inaokaa juu. Jeli nzuri hupanda ndani ya dakika moja au mbili na kubaki juu kwa saa 8 au zaidi. Ikivunjika vipande vipande, mara nyingi hewa ni nyingi kuliko nguvu ya jeli: punguza kaboneti kidogo au ongeza algineti. Rudia kipimo hiki katika pH 4.5, kwa kuwa chakula hupunguza makali ya asidi, na jeli inayoelea hukaa tumboni vizuri zaidi mtu akiwa ameshiba. Watengenezaji wengi huishia kwenye asidi kali pekee, wakapata matokeo mazuri ya karatasini.

Kupima uachiaji wa dawa, tumia chombo cha kasia (chenye kasia linalozunguka ndani ya asidi) kwa mizunguko 50 kwa dakika, asidi ile ile mililita 900, nyuzi 37. Ingiza dawa kwa bomba la sindano bila sindano, taratibu, kasia likiwa limesimama, maana likizunguka litaikatakata jeli kabla haijashikana. Chota mililita 5 kila muda uliopanga hadi saa ya 8, rudisha kiasi kile kile cha asidi safi, na soma sampuli kwenye spektrofotomita kwa mwanga wa nanomita 444. Ikiwa zaidi ya nusu imetoka katika saa ya kwanza, panda hadi gramu 2 za algineti, lakini angalia mnato: dawa isiyomiminika kwenye kijiko haina maana. Algineti yenye guluroneti nyingi (sehemu ya mnyororo inayoshikwa na kalsiamu) hutoa jeli ngumu zaidi kwa uzito ule ule, na mara nyingi kubadili aina ni bora kuliko kuongeza kiasi.

Ukihama kutoka riboflavini kwenda dawa nyingine, chunguza kwanza inavyopatana na kalsiamu. Siprofloksasini na tetrasaiklini, ambazo ni antibiotiki, hushikamana nayo na kufyonzwa vibaya. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, huharibiwa na asidi, na zaidi ya hayo mgonjwa anayeitumia ana asidi kidogo tumboni, hivyo jeli yoyote ya aina hii inaweza kushindwa kuganda kwake. Metfomini, dawa ya kisukari, inafaa kwa mahali inapofyonzwa, ila huyeyuka mno katika maji na dozi yake ni kubwa, kwa hiyo hupenya jeli upesi. Anayeitaka aanze na algineti nyingi zaidi na apime kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza.