Kuzalisha boa wa mitini hapa Dodoma na kulea watoto wake

Anza na kibali cha wanyamapori jamani, boa wote wako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na huyu wa mitini kwao ni Amerika ya Kusini, sio nyoka wa kuokota porini Kondoa.

Jike awe mkubwa na mwili umejaa kabla hujamwekea dume, akiwa kakonda muache. Kinachowaamsha wapandane ni usiku wa ubaridi kidogo, mchana nyuzi 28 mpaka 30 usiku shusha hadi 22 hivi, ila Julai hapa kwetu kunakuwa na baridi kali kwahiyo hapo unawasha hita wala hushushi kitu. Kinachotusumbua zaidi ni ukavu, kiangazi hewa inakauka kabisa, pulizia maji kila jioni lakini banda liwe na matundu maana unyevu bila hewa unaleta ugonjwa wa mapafu.

Hawatagi, wanazaa, kama miezi 6 hadi 8 tangu mimba. Watoto watenganishe na mama, kila mmoja kontena lake, tishu zenye unyevu chini na vijiti vyembamba vya kujizungushia. Usilishe mpaka wajivue gamba la kwanza, wiki moja au mbili. Halafu kitoto cha panya kilichokufa, kipashe kwenye maji ya moto maana wanawinda kwa kuhisi joto, mpe usiku kwa koleo refu taa zimezimwa. Akigoma kisugue hicho kipanya kwenye manyoya ya kifaranga kipate harufu yake, ujaribu tena baada ya siku kadhaa, kumlazimisha mdomoni iwe ya mwisho kabisa, tena na daktari wa mifugo pembeni.