Nondo wa mtego wa taa: andika kwanza, jina baadaye

Mtego wa taa, yaani taa ya usiku yenye ndoo chini yake ya kunasa nondo (wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo), ni rahisi kuutega lakini mgumu kuusoma. Mwishoni mwa majira ya joto, yaani Agosti na Septemba kwa walio kaskazini mwa dunia, Februari na Machi kwa walio kusini, unaweza kufungua ndoo alfajiri ukakuta nondo wa kahawia wamejazana, kila mmoja kama pacha wa mwenzake. Swali la kwanza la mkulima huwa moja: je, adui wa mazao yangu yumo? Jibu unaweza kulipata, ila hutalipata kwa asubuhi moja. Linatokana na daftari.

Kipindi hiki kina mambo yake. Giza huingia mapema na usiku bado una joto, hivyo nondo wana saa nyingi za kuruka. Aina kadhaa huwa zimefikia kizazi cha pili au cha tatu, na idadi yake hupanda ghafla. Wahamiaji nao huingia, wengine wakiwa wamevuka bahari na nchi. Pia wengi wamechakaa: magamba ya mabawa yamepukutika, michoro imefifia, kingo zimechanika. Nondo ambaye mwanzoni mwa msimu ungemtambua kwa kumtupia jicho tu, sasa anakulazimisha kuinama na kutazama kwa makini.

Kuhusu mtego wenyewe sitasema mengi. Taa inayotoa mionzi ya urujuanimno, faneli chini yake, ndoo au sanduku, na trei za mayai ndani ili nondo wapate pa kujificha na kutulia. Weka kifuniko cha kuzuia mvua isiingie, linda nyaya za umeme na maji, na usiikodolee macho taa ya aina hiyo. Usitie sumu. Mtego huu haubagui: hunasa pia nyigu wadogo wanaoua viwavi na wadudu wengine rafiki wa mkulima, kwa hiyo anayeutumia kama silaha ya kuangamiza wadudu hujidhuru mwenyewe. Uweke pembezoni mwa bustani, si katikati ya kitalu, maana majike wanaozungukia taa bila kunaswa wanaweza kutaga mayai kwenye mimea ya jirani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu wengi wa usiku huelekeza mgongo wao kwenye mwanga, kama wanavyofanya kwa anga, na wakiwa karibu na taa mwelekeo wao huvurugika wakabaki wanazunguka. Kwa mkulima maana yake ni kwamba mtego hauwaiti nondo kutoka wilaya nzima. Unawanasa waliokuwa wakipita karibu, na ndiyo sababu kuusogeza mtego hadi upande wa pili wa bustani kunaweza kubadilisha kabisa unachokipata.

Kwa hiyo usibadilishe ovyo. Taa iwe ileile, mahali palepale, saa zilezile. Mtandao wa mitego wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, ambao mizizi yake ni kazi iliyoanza mwaka 1933, ulishikilia balbu ya kawaida ya wati 200 kwa miongo mingi ingawa zipo taa zinazonasa nondo wengi zaidi. Sababu ni kulinganisha: ukibadili taa, hutajua kama nondo wameongezeka au ni taa iliyoongezeka nguvu.

Sasa daftari. Usiku mmoja una tarehe mbili, na hapo ndipo rekodi nyingi huharibika. Kawaida ya wanaofanya kazi hii ni kuandika tarehe ya jioni mtego ulipowashwa, hata kama nondo wamehesabiwa kesho yake. Andika mahali, aina ya taa na wati zake, saa ya kuwasha na kuzima, joto la chini kabisa la usiku, upepo, mawingu, mvua, na hali ya mwezi. Haya si mapambo. Usiku wa mbalamwezi usio na wingu hupunguza sana idadi ya wanaonaswa, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 nondo wengi hawaruki kabisa. Asiyeandika hali ya hewa ataona idadi imeporomoka, ashangilie kwamba wadudu wamekwisha, kumbe ulikuwa mwezi tu.

Andika pia usiku ambao hukupata kitu. Wengi huuruka kwa kuona haya, lakini sifuri ni taarifa kamili: inaonyesha kwamba mtego uliwaka na aina fulani haikuja. Nafasi tupu haionyeshi lolote. Kadhalika neno “wengi” si hesabu. Wakijaa kupita kiasi, hesabu waliomo kwenye trei moja, zidisha kwa idadi ya trei, kisha andika kando kwamba hayo ni makadirio.

Fika mtegoni mapema, kabla jua halijapasha ndoo joto na kabla ndege hawajaizoea kama meza yao. Inua trei moja moja, taratibu. Mwishoni mwa majira ya joto manyigu wakubwa nao hupenda kuingia, basi tazama kabla ya kutia mkono. Nondo anayehangaika mtie kwenye kichupa chenye kifuniko, umweke mahali penye ubaridi kwa muda mfupi. Atatulia na utampiga picha vizuri. Piga ya juu, ya ubavuni, na ikiwezekana ya bawa la nyuma, karibu na rula.

Katika kutambua, anza na umbo na mkao wa mabawa kabla ya rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayofifia kwanza. Anayefunga mabawa kama paa la nyumba ni tofauti na anayeyatandaza bapa. Kisha tafuta madoa mawili ya bawa la mbele, moja la mviringo na jingine lenye umbo la figo. Kundi kubwa la nondo wa kahawia hutofautishwa hapo. Agrotis ipsilon, ambaye kiwavi wake ni mmojawapo wa sota wanaokata miche, ana alama nyeusi kama ncha ya mshale nje ya doa la figo, na bawa la nyuma jeupe-jeupe. Noctua pronuba humdanganya mgeni hadi afunue bawa la nyuma: ni la rangi ya machungwa lenye ukanda mweusi. Helicoverpa armigera, nondo wa funza wa vitumba, ni wa rangi ya udongo mkavu, na bawa lake la nyuma lina ukingo mpana mweusi. Dume wa viwavijeshi vamizi ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike wake hana alama hiyo, na kumtambua kwa macho peke yake ni kubahatisha.

Nondo mgongo almasi ni mdogo kiasi kwamba wengi humpuuza kama takataka. Akitulia, utaona almasi za rangi hafifu zimejipanga mgongoni. Mkulima wa kabichi amtazame huyu kabla ya kumshangaa Agrius convolvuli, nondo mkubwa mwenye mikanda ya waridi tumboni, hata kama huyo wa pili ndiye kila mtu anataka kupiga naye picha.

Wapo ambao picha haitoshi: aina zao hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Hao waandike kwa jina la kundi na uishie hapo. Programu za simu husaidia kukuelekeza, lakini hutoa jina hata kwa picha mbovu, kwa hiyo linganisha jina hilo na msimu, eneo na mmea unaoliwa. Binafsi namwamini zaidi mkulima mwenye alama za kuuliza daftarini kuliko aliyejaza majina yote. Ukimpelekea mtaalamu wa wadudu, mpe picha pamoja na mstari mzima wa rekodi.

Baada ya kuhesabu, waachie nondo kwenye majani mazito yenye kivuli, mbali na mtego, na upumzishe mtego usiku unaofuata ili usiwahesabu walewale.

Aina hatari ikianza kupanda usiku hadi usiku, usikimbilie bomba la dawa. Taa hunasa nondo wazima, mara nyingi madume, na idadi yao haikuambii mazao yataliwa kiasi gani. Inakuambia wakati wa kwenda kukagua. Penye joto, mayai ya viwavijeshi vamizi huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 3, na ya Helicoverpa huchukua siku chache zaidi. Ingia shambani siku ya tatu, geuza majani, kagua vitumba na moyo wa mmea, rudia baada ya siku chache, kisha andika ulichokikuta kwenye mstari uleule wa usiku wa mtego.