Kuseti GX200 ya gokati wakati gavana haiguswi

Wakuu, swali ni lilelile kila mara kwenye mbio za gokati (vile vigari vidogo vya mbio), injini ni ya stoku, yaani kama ilivyotoka kiwandani, gavana (kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kikomo) lazima ibaki, spidi ya mwisho imefungwa, sasa hapo unatyuni nini? Unatyuni kila kitu kilicho chini ya hiyo spidi ya mwisho. Kwenye mbio za namna hii straiti (sehemu iliyonyooka ya njia) ikiwa ndefu wote mnaishia palepale, anayewaacha wenzake ni yule anayefika pale mapema akitoka kwenye kona.

Nachukua Honda GX200 sababu ndo injini watu wengi wanaifahamu, cc 196, ileile ya kwenye pampu za maji na jenereta, fundi wa pampu mtaani kwako pengine ashaifungua mara nyingi kuliko hao wataalamu wa mbio. Ila kwanza soma kitabu cha sheria cha klabu yako, mstari kwa mstari. Kuna wanaoruhusu kubadili jeti (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta), kuna ambao hata plagi ni aina moja tu. Wale wa Briggs LO206, injini nyingine ya gokati, ndo kabisa, inatoka kiwandani na sili na moto unakata kwenye mizunguko 6100 kwa dakika, ndani hugusi kitu.

Tuanze na gavana yenyewe maana wengi wanaichukia bila kujua inafanyaje kazi. Ndani ya krankesi (kasha la chini la injini) kuna gia ndogo yenye vijivyuma vizito, mzunguko ukipanda vinatanuka na kusukuma kishafti kinachotokea nje, kishafti kinazungusha ule mkono mrefu, mkono unafunga kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Upande wa pili springi inavuta kufungua. Kwa hiyo pedali yako kiukweli haifungui kabureta, inavuta springi tu, na springi ndo inapambana na vijivyuma. Ukikuta kebo ya pedali imefungwa moja kwa moja kwenye kipepeo, hiyo gavana ipo kwa jina tu, mguu wako unaishinda, na mkaguzi mwenye macho ataiona kabla hujashusha gokati kwenye gari.

Sasa hapa kuna kitu halali ambacho watu wanakiacha. Ule mkono ukiwa umekaa vibaya kwenye kishafti, kipepeo hakifunguki chote, au gavana inaanza kubana mapema, unapoteza nguvu ambayo sheria wala haijakukataza. Zima injini, legeza nati inayobana mkono, sukuma mkono mpaka kipepeo kifunguke mwisho, shikilia hapohapo, halafu zungusha kishafti mpaka kigote, upande uleule ambao mkono ulienda wakati unafungua kabureta, kisha kaza. Angalia pia kile kifimbo chembamba kinachounganisha mkono na kabureta, kisikwame, na kispringi chembamba kinachozunguka nacho kiwepo, bila hicho injini inapanda na kushuka yenyewe, vuum vuum vuum, na watu wanaanza kulaumu petroli.

Baada ya hapo seti spidi kwa ile skurubu ya kikomo. Kitabu cha Honda kinasema bila mzigo ni mizunguko 3850 kwa dakika, juu au chini 150, klabu yako inaweza kuwa na namba yake. Kukunja springi au kuweka ngumu zaidi usifanye, na sio sababu ya sheria peke yake. Konrodi ya hii injini (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ni aluminiamu inayozunguka moja kwa moja kwenye krenki, haina beringi za kubadilisha, na oili inarushwa na kikijiko kilicho chini ya hiyohiyo konrodi, pampu hakuna. Ukizidisha mzunguko inaweza kukatika, na ikikatika inatoboa krankesi, na wewe umekaa sentimita chache tu kutoka hapo.

Takometa (vipimo vya mizunguko) zile za kuzungushia waya kwenye kebo ya plagi ni bei rahisi na zinatosha, ila angalia umeiseti vipi. GX inatoa cheche kila mzunguko, ingawa ni four stroke, cheche moja inachoma na nyingine inapotea bure. Ukiiambia takometa kwamba cheche ni moja kwa mizunguko miwili itakusomea mara mbili, utaona 7700 uanze kutetemeka.

Tapeti, yaani ule uwazi mdogo unaoachwa kwenye valvu. Hapa ndo pa kukaa na kutulia. Injini iwe baridi kabisa, pistoni juu kwenye kompresheni (valvu zote mbili zimefunga), sio juu ile nyingine ya egzosi, halafu fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi): milimita 0.15 upande wa kuingiza, 0.20 upande wa egzosi. Hii injini ina kidude kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) kinachonyanyua kidogo valvu ya egzosi ili kamba ya kuwashia iwe nyepesi, kwa hiyo ukipima pistoni ikiwa haijafika pale juu unaweza kukuta egzosi imebana ukadhani tapeti ni mbaya kumbe ni hicho kidude. Tapeti ikibana, valvu haikai vizuri, nguvu ya chini inapotea, na nguvu ya chini ndo mali yetu hapa.

Kabureta we safisha tu. Jeti ichokonolewe kwa upepo au unywele wa brashi laini, sio waya wa chuma, ukiipanua hata kidogo tayari umevunja sheria bila kupenda. Plagi BPR6ES, nafasi milimita 0.7 mpaka 0.8, na rangi ya kahawia ndo unayoitafuta. Petroli iliyokaa kwenye galoni tangu mbio zilizopita mwagia kwenye mashine ya kukata majani.

Oili 10W-30, lita 0.6, pima gokati ikiwa mahali tambarare kweli. Kama injini inazimika kwenye kona ndefu halafu inawaka yenyewe ukinyoosha, mara nyingi ni ile sensa ya oili inayozima injini ikidhani oili imepungua, kumbe oili imekimbilia upande mmoja. Hakikisha kwanza oili imejaa, halafu ndo uliza wakaguzi kama kuichomoa waya inaruhusiwa.

Haya, gia, ambako ndo sekunde zenyewe zipo. Nguvu ya kuvuta ya GX200 inafika kileleni kwenye 2500 (niutoni mita 12.4), na nguvu ya farasi kwenye 3600. Kwa hiyo unataka ukitoka kwenye kona ya polepole kuliko zote injini isishuke sana chini ya 2500, na mwisho wa straiti gavana iwe ndo kwanza inaanza kubana. Mfano, sproketi (gia za cheni) ya meno 20 mbele na 60 nyuma, tairi mzunguko wa sm 87, kwenye 3600 unapata kama kilomita 62 na nusu kwa saa. Weka 64 nyuma unashuka hadi 58 na kitu, lakini unatoka kwenye kona kama umesukumwa. Ipi ni sahihi? Sikiliza. Ukisikia injini imegota na sauti haipandi tena ukiwa katikati ya straiti, sproketi ya nyuma ni kubwa mno, punguza meno mawili. Usipoisikia ikigota kabisa, ni ndogo, ongeza.

Klachi nayo iendane na hapo. Inashika yenyewe mzunguko ukipanda, ikishika kwenye 1700 injini inazama kila ukianza, ukiweza kupata springi za kushika kwenye 2200 hivi unaanzia karibu na kilele cha mvuto, ila ikipitiliza inateleza, ngoma ya klachi inageuka rangi ya bluu na utanusa harufu kabla hujaiona.

Mwisho inua ekseli, zungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. Yakisimama haraka tafuta breki inayogusa au cheni iliyopinda au iliyokazwa mno, iache icheze sentimita moja hivi. Spidi ya gavana ipime tena injini ikiwa ya moto na magurudumu yakiwa juu, cheni ikiwa na kava, kisha weka alama ya rangi kwenye ile skurubu ili ujue kama imesogea.