Jinsi ya kutathmini mafunzo ya magari ya nishati mbadala yanayolipiwa na ruzuku

Ripoti yangu ya tathmini ilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kosa lilikuwa letu, mara ya pili lilikuwa la mfumo wa kupakia ripoti mtandaoni.

Anza na mkataba wa ruzuku, hadidu za rejea na bangokitita (jedwali la malengo, shughuli na viashiria vya mradi). Kila kiashiria kilichoahidiwa humo kitadaiwa. Ukikuta maneno kama "mafundi watakuwa na uelewa wa kutosha", mwombe mfadhili aandike kutosha ni kiasi gani. Usiridhike na maelezo ya simu, maana ofisa uliyezungumza naye atakuwa amehamishwa.

Kinachofuata ni takwimu za awali, na hapa ndipo nilipoumia. Niliitwa wiki ya 5. Wanafunzi walishafundishwa kuzima umeme wa gari, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua nani alikuja na ujuzi wake kutoka gereji na nani aliupata pale. Nikawaomba wakumbuke walijua nini siku ya kwanza. Wote, kwa heshima ya mwalimu, hawakujua kitu! Mfadhili akaikataa sura nzima, na alikuwa na haki. Wewe wapime siku ya usajili, mkufunzi kabla hajafungua mdomo, kisha rudia kipimo kilekile mwishoni.

Kipimo chenyewe kifanyike karakanani. Kuandika kwamba umeme wa mkondo mnyoofu ukizidi volti 60 unahesabiwa kuwa wa volti ya juu si kazi. Simama pembeni na orodha yako, utazame. Amekagua glavu za mpira kama zina tundu? Amechomoa kiunganishi cha usalama, akasubiri dakika alizotaja mtengenezaji ili kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, ziishe chaji, kisha akathibitisha kwa mita? Au ameshika nyaya za rangi ya chungwa, zile za volti ya juu, kwa imani tu?

Vifaa navyo vikague kwa macho, usiishie kwenye orodha ya manunuzi. Matangi ya magari mengi ya haidrojeni hujazwa hadi baa 700, na gesi yenyewe haina rangi wala harufu, kwa hiyo bila kitambuzi cha uvujaji hakuna somo la usalama. Cha kwetu kiliandikwa "kinatumika". Nilikikuta kwenye boksi, plastiki haijachanwa.

Kwa wahitimu, chukua namba mbili, ya mwenyewe na ya ndugu yake, pamoja na ridhaa ya kupigiwa baada ya miezi 6. Mratibu atataka asilimia ya walioajiriwa ihesabiwe kwa waliopokea simu peke yao. Kataa. Gawanya kwa wote walioandikishwa, halafu onyesha walioacha na wasiopatikana. Aliyepata kazi ya kubadilisha matairi mpe safu yake, asichanganywe na anayetengeneza betri.

Hesabu za fedha ziombe mapema. Mhasibu huwa kikaoni.

Kupakia ripoti kufanye siku mbili kabla, kwani siku ya mwisho mfumo hulemewa. Jina la faili lisiwe na nafasi wala alama. Hilo halijaandikwa popote. Ujumbe unaokuja ni "jaribu tena". Nilijaribu tena mara 11, mpaka kijana wa dawati la msaada aliponiuliza faili langu linaitwaje.