Kubadilisha hati kwa programu ya Pandoc faili zikiwa kwenye diski ya mtandao

Kwenye Windows, cmd (dirisha la kuandika amri) haikubali uingie kwa cd (amri ya kubadili folda) katika anwani ya mtandao inayoanza na \\. Tumia pushd:

pushd "\\seva\hati za ofisi"
pandoc "ripoti ya mwezi.md" -o ripoti.docx
popd

Pushd huipa folda herufi ya diski ya muda, kuanzia Z: kurudi nyuma, popd huiondoa. Alama za kunukuu ni lazima: bila hizo, Pandoc hudhani "ripoti", "ya" na "mwezi.md" ni faili tatu.

Picha zikikosekana, kumbuka Pandoc huzitafuta kwenye folda uliyosimama, si pale faili ilipo. Ongeza --resource-path pamoja na njia ya folda ya picha.

Ukifungua cmd kama msimamizi, kwa kawaida herufi za diski za mtandao ulizounganisha awali hazionekani. Fungua cmd ya kawaida tu. Na ripoti.docx ikiwa wazi kwenye Word, hata kwa mwenzako, Pandoc itashindwa kuiandika, ifungwe kwanza.